Jumamosi za Kalama

Soko la Kongowea halina adabu Ijumaa jioni. Mtu hukanyagwa, husukumwa, huitwa mrembo na watu ambao hata uso hawajamtazama, na akitoka na viatu vyote viwili miguuni amshukuru Mungu. Rispa alikuwa amekuja kununua nywele za kusukia. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na kichwani alikuwa na mistari myembamba iliyosukwa asubuhi hiyo, maana msusi asiyesukwa hana wa kumwamini. Alikuwa akijipenyeza kati ya mikokoteni ya nyanya na marobota ya mitumba pale mtu alipomtandikia leso begani bila hata hodi.

"Usitikisike, dada yangu. Kidogo tu."

Rispa aligeuka na tusi mdomoni, na tusi likakwama palepale. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la buluu la kazi lenye madoa ya grisi, mfuko wa unga begani, na macho ya mtu aliyeona haya kwa alilolitenda lakini hajui atalitenduaje.

"Kwani mimi ni kamba ya kuanika nguo?"

"Samahani. Nataka kuona rangi hii yamkaaje mtu mweusi mzuri."

"Na huyo mtu mweusi mzuri ni nani?"

"Ndiwe. Kioo sina, lakini macho ninayo."

Muuza leso aliangua kicheko. Rispa alijikaza asicheke, akashindwa. Leso ilikuwa ya zambarau yenye maua meupe, na chini yake iliandikwa HISANI HAIOZI.

"Ni ya mama yako?"

"Ni ya mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani hana jina?"

"Analo. Na wewe je, lako ni nani?"

Hapo ndipo Rispa alipopaswa kuuliza mara ya pili. Hakuuliza. Mapenzi yakitaka kuingia humtia mtu uziwi kwanza. Alitaja jina lake, akataja na saluni anayosukia kule Ziwa la Ng'ombe, na kabla ya kufika kwenye duka la nywele alikuwa ametoa na namba ya simu. Kijana naye akajitambulisha: Kalama, fundi wa mafriji, mkaazi wa Kiembeni.

Simu ililia usiku huohuo, na kesho kutwa yake, na siku zilizofuata.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula ile samaki uliniletea."

"Ile samaki! Rispa mpenzi, samaki amekukosea nini? Sema yule samaki uliyeniletea."

"Ameshakufa, hataskia."

"Hata akifa aheshimiwe. Huku ni Pwani."

Rispa alikuwa mzaliwa wa Bungoma, na Kiswahili chake kilikuja Mombasa pamoja naye kama kilivyo. Kalama alimsahihisha kwa mahaba hata kusahihishwa kukawa kubembelezwa. Kisha ahadi zikaanza. Nitakupeleka kwetu wakuone. Nitakujengea nyumba pale Kiembeni. Nitakufungulia saluni yako mwenyewe, yenye kiyoyozi nitakachokifunga kwa mikono yangu. Rispa alilala juu ya ahadi hizo akaota vizuri sana.

Ila Jumamosi. Kila Jumamosi simu ya Kalama ilikuwa mteja, haipatikani kutwa nzima.

"Jumamosi huwa uko wapi, baba?"

"Kazi za nyumbani, roho yangu."

"Nyumbani kwako una godoro na jiko. Hizo kazi ni gani?"

"We nawe! Nitakueleza."

Nitakueleza ikawekwa pamoja na zile nita nyingine.

Kwenda darasa la Kiingereza lilikuwa wazo la Rispa. Hoteli moja ya Bamburi ilikuwa ikitafuta msusi wa kuweza kuongea na wageni, na Kalama naye alichoka kumweleza meneja wake asiyejua Kiswahili ubovu wa mtambo kwa kupunga mikono. Darasa lenyewe lilikuwa juu ya duka la vyuma hapo Kiembeni, na mwalimu alikuwa Abdulaziz, mzee mwembamba wa Mji wa Kale, kanzu isiyo na kunyanzi, kofia ya kito, na sauti iliyowafanya watu wazima wakae wima.

"Leo twaingia present simple," alisema jioni hiyo akigonga ubao. "Tensi hii haina jana wala haina kesho. Ni ya mambo yafanyikayo siku zote. Jua huchomoza mashariki. Muuza mahamri huamka alfajiri. Mlevi hulewa. Mukitaka kumjua mtu, musimuulize atafanya nini. Muulizeni hufanya nini. Mwafahamu?"

"Twafahamu!"

Alikuwa na desturi zake. Akishasema "Now English," hakuna mwanafunzi wa kufungua mdomo kwa lugha nyingine, na atakayeteleza hufagia darasa. Aliwaketisha watu wawili wawili, akawagawia siku za wiki: mmoja amhoji mwenzake juu ya siku hiyo, kisha asimame aeleze darasa zima. Alipofika kwa Rispa na Kalama alisema, "Saturday."

"Mwalimu, tupe Jumapili," Kalama alisema upesi.

"Utafagia. Haya, Saturday."

Kwa Kiswahili Kalama alikuwa na maneno ya kupitia kila kichochoro. Kwa Kiingereza alikuwa na barabara moja tu, nayo ilikuwa imenyooka.

"Where do you go on Saturday?" Rispa aliuliza kwa tabasamu, akiwa bado hana habari.

"I go to Utange."

"What do you do in Utange?"

"I carry flour. I repair the roof." Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. "I eat lunch."

"Who cooks the lunch?"

Kalama alitazama ubao, akatazama mlango. Hakupata pa kuchepukia. "Vivian," alisema. "Vivian cooks. I sit with the children. Vivian washes my shirt."

Mwalimu alipiga makofi kuwaita. Rispa alisimama kwa sababu miguu ilisimama yenyewe. Akaeleza yote mbele ya darasa, sauti yake ikiwa mbali na yeye: Kalama goes to Utange, he carries flour, he repairs the roof, he eats lunch, he sits with the children, Vivian washes his shirt.

"Maa shaa Allah!" Mwalimu Abdulaziz alifurahi. "Herufi s zote ziko mahali pake. Mpigieni makofi." Wakampigia, naye akaketi akiwa haoni mbele.

Kalama alimkuta chini ya ngazi, ufagio ungali mkononi.

"Rispa, subiri. Vivian ni shemeji yangu. Ni mke wa ndugu yangu Felix. Felix alifariki, Rispa. Mwaka umepita sasa." Alisema hayo kwa haraka ya mtu anayetoa mwiba, akingoja aone uso wa Rispa ukikunjuka.

Haukukunjuka. Ulikunjamana zaidi. Kalama hakujua, na angejuaje, kwamba kwa Rispa neno hilo la shemeji ndilo lililokuwa baya kuliko mke. Baba yake Rispa alipokufa, baba mdogo alianza kwa unga. Akafuatia kutengeneza ua. Kisha siku moja koti lake likaonekana kwenye msumari wa marehemu, na hakuna aliyetangaza lolote. Hapakuwa na harusi wala maneno. Baba mdogo huyo alikuwa na mchumba, msichana aliyezoea kuwaletea watoto mkate. Siku alipoliona lile koti aliketi barazani kwa kina Rispa akalia mpaka jua likatua. Rispa alikuwa mdogo, lakini kilio kile hakikuwahi kumtoka masikioni.

"Kwenu watu hurithi wajane?" aliuliza.

"Zamani walirithi. Siku hizi, sijui."

"Hujui?"

"Hakuna aliyeniambia nimrithi. Na hakuna aliyeniambia nisimrithi. Naona watu wakinitazama tu."

"Na wewe unamtaka?"

"Namheshimu."

"Hiyo sijakuuliza!"

"Nimechanganyikiwa, Rispa."

"Basi tuko wawili," alisema Rispa, akavuka barabara bila kutazama pikipiki.

Wiki hiyo alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Dakika moja alimchukia Kalama, dakika inayofuata alimwona ni mtu mwema asiye na mfano. Na je, si ni wema huohuo uliomfanya ampende? Mwanamume anayemtelekeza mjane wa nduguye angemtaka wa nini? Lakini mwanamume anayefanya kila Jumamosi yale yanayofanywa na mume, huyo anaitwa nani? Alimsuka mteja upande mmoja mistari ya kurudi nyuma, upande wa pili mistari ya kupanda juu, mpaka mwenyewe akamuuliza, "Dada, kwani mimi nina vichwa viwili?"

Simu ililia. Mara ya kwanza hakuipokea, wala ya pili. Ya tatu mkono ulimsaliti.

"Mpenzi, nisikilize. Nitalimaliza jambo hili. Nitazungumza na baba. Nita..."

"Nita, nita, nita! Mdomo wako hauna neno lingine? Kwangu ni nita, huko Utange ni kila wiki. Mimi nakula maneno, mwenzangu anakula ugali!"

"Rispa..."

"Hiyo nita yako sitaki kuisikia tena. Hata moja!" Akakata, akalia, akaosha uso kwa maji ya kuoshea nywele za watu.

Jumamosi ilipofika hakwenda kazini. Alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya kanisani, mavazi ya mtu anayekwenda kusikia hukumu yake, akaenda Utange kuona kwa macho yake. Mitaa ya huko hujengwa kila siku, nyumba ya mawe hapa, ya udongo pale, na katikati mihogo ya mwenye shamba ambaye hajakubali kuuza. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi.

"Vivian? Vivian wa Kalama? Pita hapo, mlango wa kijani."

Wa Kalama! Rispa nusura arudi.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Kizingitini alikaa mwanamke mwembamba, kijana kuliko alivyomdhania, akichambua mchicha. Nywele zake zilikuwa timtim, na amejifunga leso ya zambarau yenye maua meupe. Rispa hakuwa na haja ya kuyasoma maandishi yake. Leso ile ilikuwa imekaa begani kwake kabla haijakaa hapo.

"Hodi. Mimi naitwa Rispa."

"Najua," Vivian alisema. Akasogeza sinia, akafuta kigoda kwa kiganja. "Karibu, dada. Watoto pia wakujua. Shemeji hujisemea jina lako kila apigapo msumari."

Maneno yote aliyokuja nayo Rispa yalimponyoka. Akakaa. Vivian akampa kikombe cha chai, na kwa muda walichambua mchicha pamoja, maana mkono wa mwanamke ukiona mboga haujui kukaa bure.

"Wampenda?" Vivian aliuliza.

"Sijui. Ndiyo. Nampenda mpaka nakasirika."

"Basi dada, kwa jina la Yesu, nichukulie!"

Rispa alidhani amesikia vibaya. "Nini?"

"Mchukue. Kila Jumamosi mimi huamka na kizunguzungu. Akija amebeba unga, siwezi kumwambia rudi. Akipanda paani akatokwa na jasho, nisipomfulia shati majirani husema sina shukrani. Nikimfulia, husema nimeshaolewa. Na paa lenyewe, dada yangu, liliacha kuvuja tangu mvua za mwaka jana. Yeye bado hupanda akaligonga!"

"Lakini si umwambie?"

"Nimwambie nini? Nilidhani ataka kunioa kwa wajibu tu, nami nikamwonea huruma kumkataa, ndugu ya Felix, mtu mzuri vile." Sauti yake ikashuka. "Mimi bado namlilia mume wangu. Hulala upande wangu wa kitanda, wa kwake siugusi. Nimepata kazi ya kupika pale shuleni, nitaanza muhula ujao, nitawalisha wanangu. Mume mwingine sina mahali pa kumweka."

Rispa alimshika mkono uliojaa mchicha. Wakalia wote wawili, kisha mmoja akaanza kucheka, wasijue nani alianza. Wakawa katika hali hiyo Kalama alipotokea kwenye kona na mfuko wa unga begani. Aliwaona. Mfuko ukamteleza ukaanguka mchangani.

"Shemeji," Vivian alisema kwa upole, "uokote huo unga, ahsante sana. Halafu nikuulize mbele ya huyu. Wewe wataka kunioa?"

Kalama alimtazama Vivian, akamtazama Rispa, akatazama paa kana kwamba angekimbilia huko. "La," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, shemeji. Sikuwahi kutaka. Nilidhani wewe ndiwe wangoja."

"Mimi? Hata siku moja!"

"Nilidhani baba ndivyo atakavyo."

"Alikwambia?" Rispa aliuliza.

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Rispa akamnyooshea simu. "Usiniambie utamuuliza. Muulize."

Kalama akabonyeza. Aliweka sauti ya juu, wote wasikie. Lilikuwa jambo zito kwake, naye hakulificha. Jasho lilimtiririka kuliko siku ile ya darasani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, Kalama. Nani mgonjwa?" Mzee Kenga hakuzoea kupigiwa simu mchana.

"Hakuna mgonjwa, baba. Ni habari ya Vivian."

"Aa! Hatimaye! Tumengoja weee. Haya, harusi lini?"

Rispa alifumba macho. Aliiona ile baraza ya Bungoma, na yule msichana wa mkate.

"Baba, mimi simwoi Vivian," Kalama alisema. Sauti ilikatika, akaiokota. "Ni dada yangu. Watoto wa Felix ni wangu, na siwaachi. Unga wao nauleta. Lakini nina msichana nimpendaye, na nimekaa kimya mwaka mzima nikiogopa kuwavunja moyo. Nikasirikieni, lakini ndivyo ilivyo."

Kwa mbali alisikika jogoo.

"Kalama," mzee alisema, "ni nani aliyekwambia umwoe?"

"Hakuna, baba."

"Sisi tulikuona kila Jumamosi uko huko, shati lako liko kwenye kamba. Tukasema hawa wamependana, tusiwatie haya, tuwanyamazie. Mama yako ametenga mbuzi wawili! Sasa tuwafanye nini?" Akakohoa. "Huyo msichana wako hula mbuzi?"

Rispa aliisogelea simu. "Hula, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, na kicheko chake kikajaa uani.

Msidhani Rispa alimrukia Kalama shingoni. Alimtazama kwa muda mrefu. "Wewe," alimwambia, "ungenyamaza mpaka lini? Mpaka koti lako litundikwe?" Akamweleza habari ya koti, mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote. Kalama alisikiliza mpaka mwisho, na alipofungua mdomo Rispa aliona ile nita ikija, akamzuia kwa kidole. "Usiseme. Fanya, nikuone."

Basi Kalama akafanya. Simu yake haikuwa mteja tena. Jumamosi walikwenda Utange pamoja. Rispa alimsuka Vivian mistari mizuri iliyoelekea upande mmoja, Kalama akakaa chini na watoto, na paa likapumzishwa. Jioni za darasa alimngoja Rispa nje ya saluni, mvua au jua. Hakuahidi kitu. Mwanzoni Rispa alifurahia ukimya huo, baadaye ukaanza kumtia wasiwasi, hata akaanza kujiuliza kama ameua kitu kwa mdomo wake. Nyumba je? Harusi je? Mtu aliyekatazwa kusema kesho, utajuaje kama anaiwaza? Alichanganyikiwa upya.

Siku ya marudio, Mwalimu Abdulaziz alisema "Now English," akamsimamisha Kalama. "Tell us about Rispa."

Kalama alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, bila hata tone la grisi. "Rispa lives in Ziwa la Ng'ombe," alianza. "She plaits hair. She likes fish. She corrects me, and I correct her." Watu wakacheka. Akamgeukia Rispa. "Rispa is my wife."

Mwalimu alishusha miwani.

"Kalama, nimesema ni tensi ya mambo yaliyopo. Wewe bado hujaoa. Kwa jambo lijalo twatumia will."

"Najua, mwalimu," Kalama alijibu kwa Kiswahili, macho yakiwa kwa Rispa. "Lakini hiyo ya nita amenikataza. Nami mshenga ameshakwenda Bungoma, ameshafika, ameshapokewa. Sikumwambia mpaka jambo liwe lipo. Imebaki yeye."

Mwalimu alimgeukia Rispa. "In English, please," alisema, lakini taratibu.

Rispa aliyatafuta maneno ya Kiingereza aliyoyajua, nayo yalikuwa mengi sasa. Yote yakamkimbia kama vile hayakuwahi kumjua. Alicheka, machozi yakamtangulia.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, wewe mjinga wa Jumamosi. Ndiyo."

Mwalimu Abdulaziz aliwapa hongera, akawaombea kheri, kisha akaleta ufagio. Sheria ni sheria. Wenzao waliposhuka ngazi kwa vigelegele, wao wawili walibaki nyuma wakifagia, Rispa ameshika ufagio na Kalama akimsogezea viti.